Mtoto akisema "kwa jirani wanaruhusiwa", tumjibu nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika ukurasa huu wa barua ili nami niseme machache juu ya jambo linalotusumbua wazazi wengi, wa mijini na wa vijijini, ingawa wengi wetu tunaona haya kulisema hadharani. Jambo lenyewe ni malalamiko ya watoto wetu kuhusu televisheni na simu, hasa lile lalamiko moja ambalo kila mzazi amekwisha kulisikia: "Mbona kwa akina fulani wanaruhusiwa?"

Mimi ni mkazi wa Same mjini, mkoani Kilimanjaro. Nyumbani kwangu tuna televisheni moja na king'amuzi chake, na simu mbili za kupangusa, yangu na ya mama watoto. Sheria yetu ilikuwa hivi: siku za shule televisheni huwashwa saa mbili usiku kwa ajili ya taarifa ya habari, kisha huzimwa. Jumamosi watoto huangalia katuni kwa muda wa saa mbili. Simu haishikwi na mtoto. Sheria hiyo niliiweka peke yangu, sikumshauri mtu, na kwa kweli nilijiona mzazi hodari.

Watani wetu husema kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Basi binti yangu wa darasa la tano ni Mpare kamili. Kila siku alikuwa na ushahidi mpya. Leo kwa jirani wa kushoto wanaangalia tamthiliya mpaka saa nne. Kesho rafiki yake amepewa simu ya baba yake acheze gemu. Keshokutwa mwenzake mwingine amenunuliwa simu yake mwenyewe. Mimi nilikuwa na jibu moja tu: "Hapa si kwao. Kama unawapenda sana, hamia huko." Nadhani wazazi wengi wanaosoma barua hii wamepata kulitoa jibu hilo.

Ndugu Mhariri, siku moja binti alihama kweli. Jua lilizama, magharibi ikapita, mtoto hayupo. Wanaoijua Same wanajua kwamba mji wetu umekaa kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, na malori na mabasi hupita hapa usiku na mchana. Mama yake alianza kutetemeka. Tulitafuta kwa tochi, tukauliza dukani, tukauliza stendi. Tulimkuta saa mbili na nusu nyumbani kwa jirani, amekaa mkekani pamoja na watoto wengine watano, macho yote kwenye televisheni. Alipotuona akatudanganya kwamba alikuwa akifanya kazi ya shule aliyopewa na mwalimu. Mtoto huyo hakuwa na tabia ya uongo hapo kabla.

Nilimrudisha nyumbani kwa hasira, kisha nikarudi kwa jirani ili nimpe maneno yake. Huyu ni mama anayeuza mboga na tangawizi hapo stendi, na hurejea saa tatu usiku akiwa hoi. Nilimsubiri mlangoni. Aliponiona akasalimu vizuri, akanikaribisha kiti, na kabla sijamaliza malalamiko yangu akanijibu kwa upole: "Jirani, wewe jioni upo nyumbani na mama watoto yupo. Mimi nikiizima hiyo televisheni, watoto wangu watakwenda barabarani kuangalia magari. Bora niwakute wameangalia picha kuliko nisiwakute kabisa."

Sikuwa na la kusema. Kwa miezi mingi nilikuwa nimewaambia wanangu kwamba nyumba ile haina malezi, kumbe televisheni ile ndiyo yaya wa yule mama. Mimi nina sababu zangu za kuizima, naye ana sababu zake za kuiacha.

Nilipofika nyumbani nilimwita binti nikamwambia aseme yote aliyo nayo moyoni, na kwamba sitamkatiza. Alisema mambo mawili. La kwanza, kila asubuhi wenzake hufika shuleni wakisimuliana tamthiliya ya jana, na yeye husimama pembeni kama mgeni, hana la kuchangia, na wamempa jina la utani kwa sababu hiyo. La pili, aliniuliza hivi: "Baba, unasema simu inaharibu usingizi. Mbona wewe unalala nayo?"

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Nilikuwa nimeweka sheria kwa watoto tu, wakati mimi mwenyewe simu haibanduki mkononi, hata mezani wakati wa kula makande.

Ndiyo maana leo nimeshika kalamu. Naamini wazazi tunakosea katika jambo hili, nami nikiwa wa kwanza. Tunadhani mtoto anapotutajia nyumba ya jirani anatutukana au anataka kutupanda kichwani. Mara nyingi sivyo. Ana maumivu ya kweli ya kutengwa na wenzake, na hajui namna nyingine ya kuyasema.

Tukumbuke kwamba mambo haya ni mageni kwetu sote. Zanzibar ilianza kuwa na televisheni mwaka 1973, lakini huku Bara tulikaa bila kituo chetu mpaka mwaka 1994 vilipoanza vituo vya watu binafsi. Televisheni ya taifa ikafuata baadaye. Sisi tuliokua kabla ya hapo tulikuwa na redio. Kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania kilipoanza, watoto wa nyumba tatu au nne walikusanyika penye redio moja, wakasikiliza hadithi ile ile kwa saa ile ile, na kipindi kikiisha kimeisha. Hapakuwa na mtoto wa kusema kwa jirani wanasikiliza zaidi, kwa sababu jirani hakuwa na zaidi. Saa ya kulala iliwekwa na mitambo ya Dar es Salaam na betri za redio, wala si na baba.

Siku hizi mambo ni tofauti. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo za umeme zimepanda milima yetu hata vijiji vingi vya juu vina taa. Ni maendeleo tuliyoyalilia, na naishukuru sana Serikali kwa hilo. Lakini pamoja na taa umekuja ule ung'aao ukutani na ule ung'aao mfukoni, nao hauishi vipindi vyake. Sheria iliyokuwa ikiwekwa na betri sasa inapasa iwekwe na mzazi, na kila mzazi anaiweka kwa namna yake. Hapo ndipo yanapoanza malalamiko.

Wako watakaosema: kwa nini tusiache kila nyumba na lake? Nakubali kwamba kila nyumba ina haki ya sheria zake. Lakini watoto wetu hawaishi nyumbani tu. Wanasoma darasa moja, wanachota maji bomba moja, wanacheza uwanja mmoja. Asiyelala usiku kwa jirani husinzia darasani karibu na mwanangu. Mwenye simu isiyo na mlinzi huionyesha kwa wenzake wasio na simu. Sheria ya nyumba moja haikai ndani ya nyumba hiyo.

Sisi Wapare tuna somo la zamani juu ya jambo la namna hii. Wageni wanaokuja milimani kwetu huonyeshwa ndiva, yaani mabwawa yaliyochimbwa na wazee wetu kwa ajili ya kumwagilia mashamba. Maji ya kijito hukusanywa katika ndiva usiku, na mchana hufunguliwa yakateremka kwa mifereji kwenda mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Kama kila mwenye shamba angefungua apendapo, wa juu angezama na wa chini angekauka. Wazee walikaa, wakapanga zamu, na ndiva ikijaa tope watu wakatoka kwa msaragambo wakaisafisha. Mwenye shamba alibaki bwana wa shamba lake, akapanda mahindi au maharage apendavyo. Maji tu ndiyo yaliyokuwa na sheria ya wote.

Naona televisheni na simu ni kama maji hayo. Mambo mengine ya nyumbani kila mzazi na aamue mwenyewe. Lakini machache, kama saa ya kuzima siku za shule na umri wa kumpa mtoto simu yake, yanafaa tuyapange pamoja.

Wala si ndoto. Katika mji wa Greystones nchini Ireland, mwaka 2023 wazazi wa shule nane za msingi za eneo hilo waliafikiana kwa hiari yao kwamba hawatawanunulia watoto simu za namna hii mpaka waingie sekondari. Hakuna polisi aliyewalazimisha. Waliona kwamba mzazi mmoja akikataa peke yake mtoto wake anakuwa kisiwa, lakini wakikataa wengi mtoto hana wa kumtajia. Australia wao walitumia sheria ya nchi. Bunge lao lilipitisha mwaka 2024 kwamba watoto wa chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii, na sheria hiyo ikaanza kutumika Desemba 2025. Sisemi tuige kila kitu cha wenzetu, maana usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini inafaa kujua kwamba hata nchi tajiri zimeona mzigo huu ni mzito kwa mzazi mmoja.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo mwaka 2019. Lilisema kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili hafai kuwekwa mbele ya televisheni au simu, na mwenye miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa watoto wakubwa, mwongozo wa mwaka 2020 haukutaja idadi ya saa, ila ulihimiza muda huo upunguzwe, na watoto wachangamshe viungo. Maana yake ni kwamba kwa mtoto wa darasa la tano hakuna daktari atakayekuja kukuwekea saa. Ni lazima wazazi wakae waamue.

Aidha, tusiseme kila kinachoonyeshwa ni sumu. Katuni za Ubongo Kids, zilizoanza mwaka 2014 na kutengenezwa hapa hapa Tanzania, zinafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Mtoto anayeangalia hizo kwa nusu saa si sawa na yule anayeachwa na simu usiku kucha, au anayejipenyeza katika kibanda umiza kuangalia picha za kuuana. Mzazi anayepiga marufuku vyote kwa pamoja hatamfundisha mtoto kuchagua.

Sasa, tumjibu nini mtoto anaposema kwa jirani wanaruhusiwa? Natoa maoni yangu kutokana na makosa yangu.

Kwanza, tumsikilize mpaka mwisho. Hii si hisani tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Kusikiliza si kukubali. Hakimu humsikiliza mshitakiwa, kisha hutoa hukumu yake.

Pili, tusiitukane nyumba ya jirani. Mtoto atayapeleka maneno hayo kama yalivyo, na kesho utamhitaji jirani huyo kwenye msiba au mgonjwa. Inatosha kusema: "Wao wana sababu zao, nasi tuna zetu." Na mtoto akienda kwao, afuate adabu ya kwao. Asikae akiwahukumu wenyeji wake.

Tatu, hizo sababu zetu tumweleze. Mwaka 1945 maelfu ya wazee wetu waliteremka kutoka milimani wakakusanyika hapa Same kuipinga kodi ya mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa kiwango chake kwa kadiri ya mali yake. Kila mmoja alimtazama mwenzake akauliza kwa nini huyu hivi na mimi vile, na jibu la kuridhisha hakulipata. Baada ya miaka michache kodi hiyo ikaondolewa. Ikiwa watu wazima hawakukubali amri isiyoeleweka, iweje tumshangae mtoto? "Utalala saa tatu kwa sababu unaamka saa kumi na moja" ni jibu. "Kwa sababu nimesema" si jibu.

Nne, sheria iwe ya nyumba nzima. Nyumbani kwangu sasa kuna kikapu karibu na kabati ya vyombo. Wakati wa chakula simu zote huwekwa humo, yangu ikiwa ya kwanza, na usiku hazivuki mlango wa chumba cha kulala. Nakiri kwamba wiki mbili za mwanzo nilikuwa mgonjwa kweli kweli.

Tano, tukiona lalamiko lina haki, tubadilishe bila kuona tumeshindwa. Tulimruhusu binti tamthiliya moja kwa wiki, tunaiangalia pamoja naye, na ikiisha tunaizungumza. Hataijua yote kama wenzake, lakini ana la kusema shuleni. Lakini lile la kudanganya alipata adhabu yake. Muda wa mwezi mzima hakwenda kucheza kwa mtu jioni, na nilimweleza kwamba anaadhibiwa kwa uongo na kwa usiku ule wa kutafutwa kwa tochi.

Sita, na hili ndilo kubwa, wazazi tuzungumze sisi kwa sisi. Katika mkutano wa wazazi shuleni kwa wanangu, baada ya habari za michango na chakula cha mchana, nilisimama nikalieleza jambo hili. Wengine walicheka. Mzee mmoja alisema anayo haki ya kuwasha televisheni aliyoinunua kwa jasho lake, na sikubishana naye. Lakini baada ya mkutano wazazi saba tulibaki chini ya mti tukaafikiana mambo mawili: siku za shule televisheni huzimwa saa tatu kamili, na mtoto wa shule ya msingi hanunuliwi simu. Yule jirani yangu alikuwa mmoja wa hao saba. Kwa kuwa hurudi usiku, tulikubaliana kwamba siku za kazi watoto wake waje kufanya masomo kwetu jioni, wale wote pamoja, kisha awapitie akitoka stendi. Kwa hiyo nilichodai kwake kimenigharimu nami: sufuria ya makande ni kubwa kuliko ya zamani. Naona ni haki. Huwezi kumwambia mwenzio azime yaya wake halafu ukampa mgongo.

Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba mambo yamenyooka. Kati ya saba, wawili wamekwisha kurudia ya zamani. Binti yangu bado hulalamika, ila sasa hulalamika nikiwepo, badala ya kutoroka. Likizo iliyopita alikwenda kwa bibi yake huko milimani, nikamtumia bibi sheria zetu kwa simu. Bibi alijibu kwamba kwake sheria ni moja, anayetaka kuangalia televisheni achambue maharage huku akiangalia. Mtoto alirudi akisema kwa bibi ni kuzuri. Nimekubali kushindwa kesi hiyo.

Namalizia kwa kuwaomba wazazi wenzangu, walimu na viongozi wa vijiji na mitaa kwamba jambo hili liingizwe katika mikutano yetu kama tunavyoingiza habari za maji, choo na madawati. Kamati za shule zinaweza kulianzisha bila kungoja waraka kutoka Dodoma. Na yule mzazi ambaye jioni hii ataambiwa "kwa jirani wanaruhusiwa" namshauri asipige kelele. Akae amsikilize mwanawe, kisha kesho asubuhi avuke ua akamwone huyo jirani, ajue kwake kuna nini.

Wako katika kujenga taifa,

Mzazi,
Same, Kilimanjaro.